Nirudishieni Vifo vya Mume Wangu

Bi. Undine Yearwood,
Nyumba Na. 14, Mtaa wa Tanner,
Marlbury.
Jumatatu, 6 Machi.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Sinema cha Marlbury.

Ndugu Mwenyekiti Penhallow,

YAH: KUONDOLEWA KWA MAREHEMU MUME WANGU KATIKA FILAMU BILA RIDHAA YAKE WALA YANGU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepata nafuu tangu uliposhuka jukwaani Jumamosi kwa upande usio na ngazi. Mimi sijambo, isipokuwa hilo jambo moja linalonifanya nichukue kalamu.

Kwanza nishukuru, maana sitaki asante yangu ionekane ya punda. Najua wewe na kamati yako mlitenda kwa nia njema. Najua pia mlikutana mara sita kulijadili suala hili, kwa sababu chai ya mikutano yote sita niliipika mimi katika ukumbi wa kanisa, na katika mara zote sita hakuna aliyeniuliza lolote zaidi ya sukari iko wapi.

Naomba barua hii isomwe mbele ya wanachama wote. Na kwa kuwa wapo waliojiunga juzi na hawajui lolote, itanibidi nianze mwanzo.

Mwaka 1964 mimi na Darnley Yearwood tulikuwa bado wachumba. Sote tulitoka Barbados, yeye parokia ya St. Lucy, mimi ya St. Philip, lakini tulikutana hapahapa Marlbury, katika jiko la nyumba ya kupanga yenye wapangaji tisa na sufuria mbili. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi. Yeye alikuwa kondakta wa basi lililopita mbele ya studio za filamu. Asubuhi moja mtu wa studio alipanda, akamtazama usoni kama anayechagua tikiti maji sokoni, akamuuliza kama anaweza kuanguka. Darnley akamjibu, "Bwana, tangu nishuke melini sijafanya kazi nyingine." Akaambiwa aje Jumatatu.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika *Kwaheri, Admirali*, filamu ambayo mji huu unaionyesha kila Jumamosi ya kwanza ya Machi, kwa kuwa ilitengenezwa hapa na kwa kuwa ukiondoa daraja hatuna kingine cha kujivunia. Habari yake mnaijua. Kapteni Hugo Carrow, jasusi wa Malkia, anaizunguka dunia kumtafuta Baron aliyeiba mashine ya kukausha bahari. Dunia hiyo yote ilijengwa ndani ya banda moja nyuma ya kituo cha basi, na kila Kapteni alipoingia nchi mpya, mwenyeji wake wa kwanza alikuwa mume wangu.

Alikufa mara nne. Alikufa akiwa mlinzi wa sultani wa Zanzibar, kwa mshale wa kuvulia papa. Alikufa akiwa mpishi Mchina ndani ya nyambizi, kwa kikaango, kamera ikiwa nyuma yake muda wote, kwa sababu zilizo wazi. Alikufa akiwa askari wa nchi fulani ya Amerika ya Kusini isiyotajwa jina, mwenye masharubu ya kubandika, kwa kuanguka kutoka mnarani. Ukitazama vizuri, masharubu yanafika chini kabla yake. Na mwisho alikufa akiwa mwanasayansi wa Baron, kwa koti jeupe na miwani, pango lilipolipuka. Hicho cha nne ndicho alichokipenda. Alituma picha yake nyumbani, na mama yake, Mungu amrehemu, akawatangazia watu wa parokia nzima kwamba mwanawe ni daktari Uingereza. Hakuwa amedanganya kabisa. Koti lilikuwepo.

Kati ya vifo hivyo anaonekana mara moja akiwa hai, katika hoteli, akimletea Kapteni kinywaji.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Mume wangu hayupo.

Darnley alifariki miaka kumi na moja iliyopita, safari hii kweli, kitandani, kwa ugonjwa wa mapafu, na kusema haki kifo hicho hakukifanya vizuri kama vile vinne. Hatukuwa watu wa kamera. Ninazo picha zake kumi na tisa, na katika zote amesimama wima kama anayesubiri kukaguliwa tiketi. Mahali pekee duniani ambapo mume wangu bado anatembea, anageuka na kufungua mdomo ni katika filamu hiyo. Ndiyo maana kila mwaka nakaa safu ya tatu, kiti cha pembeni, na peremende zangu mkobani.

Na dakika ya kumi na tisa huwa ananiita. Hili sijapata kuliambia Chama, kwa hiyo naliandika sasa. Karatasi ya maneno aliyopewa ilisema tu kwamba mlinzi anapiga kelele kwa lugha yake. Darnley akamfuata mwongozaji, akamuuliza watu wa Zanzibar wanasema lugha gani. Mwongozaji akamwambia yoyote tu, hakuna atakayejua. Basi Darnley, mtu wa kutii, akachomoa jambia, akapaza sauti kwa Kiingereza cha kwao St. Lucy, chenye lafudhi nzito isiyoeleweka hapa: "Undine, ugali unaungua, punguza moto!" Chini ya picha wakaandika: *Simama, mbwa wa Malkia*. Kwa zaidi ya miaka hamsini watu wa Marlbury wametetemeshwa na maneno hayo, na mimi peke yangu nimekaa gizani nikimjibu moyoni kwamba nimeshapunguza.

Jumamosi, saa nane na nusu mchana, taa zilizimwa kama kawaida. Dakika ya kumi na tisa ikafika. Kapteni akaingia ikulu ya sultani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoka. Nikadhani nimesinzia. Nikangoja nyambizi. Kikaango kilikuwepo, kimening'inia, mpishi hakuna. Nikangoja mnara. Mnara ulikuwepo. Pango lilipolipuka bila mtu ndani nilijikuta nimesimama, na sikukusudia kusema kwa sauti, lakini nilisema: "Darnley yuko wapi?"

Aliyenijia ni Bi. Imogen Thwaite, makamu wako, ambaye ndiye aliyeikata filamu kwa kompyuta yake mwenyewe nyumbani, na penye sababu akaandika: kulinda heshima ya jamii. Alichutama kando yangu, akanishika mkono, akaongea polepole kama anayemwelekeza mgeni njia. "Bi. Yearwood, mama, Darnley alishafariki. Umesahau?"

Ndugu Mwenyekiti, sijasahau. Nilikuwepo. Lakini watu walikuwa wamegeuka kunitazama, mmoja akaleta maji, mwingine akauliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani, na mimi niliyewauguza nusu ya wazazi wao nikawa ajuza aliyechanganyikiwa, mbele ya mji, wakati aliyepoteza mtu ni kamati.

2. Mlinifanya mwakilishi.

Baada ya filamu ulinipandisha jukwaani, ukanipa maua, ukawaambia watu mia na ishirini kwamba mimi ni sauti ya jamii zilizoumizwa. Ukaniuliza najisikiaje kuitazama filamu isiyo na matusi tena. Nikajibu kwamba najisikia kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Wengine walifuta machozi. Bwana mmoja aliniambia maneno yangu yamemfungua macho, na nilitamani kumwambia ayafumbe afungue masikio.

Kisha maswali. Niliulizwa Wachina wanaonaje. Sijui. Mchina pekee ninayemfahamu hapa Marlbury ni daktari wangu wa meno, na tukiwa pamoja msemaji ni yeye tu. Niliulizwa Wazanzibari wanaonaje. Nikasema katika filamu ile hakukuwa na Mzanzibari. Kulikuwa na mtu wa St. Lucy mwenye njaa. Niliulizwa hisia za watu wa Amerika ya Kusini, na hapo nikaomba kwenda msalani.

3. Dunia imekuwa tupu.

Tafadhali itazameni tena kazi yenu mkiwa mmetulia. Kapteni anafika Zanzibar, hapokelewi na mtu. Anaingia nyambizi inayojiendesha yenyewe. Amerika ya Kusini anapiga risasi kumi na nne ukutani, kisha anajifuta jasho kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. Mwingereza anaizunguka dunia nzima, na dunia nzima imetoka. Mlianza na filamu iliyokuwa na Mwafrika, Mchina, Mlatini na mwanasayansi, wote wakiwa mume wangu, mkamaliza na filamu yenye Waingereza thelathini na wanne wanaokunywa. Halafu mkabandika mlangoni bango: *Toleo la Heshima kwa Wote*. Hao wote ni akina nani, kama sisi tumeshatolewa?

Kuna methali ya kuchamba kwingi. Umri wangu na kiti changu kanisani haviniruhusu kuimalizia.

4. Mmenigombanisha na binti yangu.

Hili ni zito, nami naliandika bila mzaha. Roslyn ni mwalimu mstaafu wa historia na hakuwahi kuipenda filamu ile. Alipokuwa mdogo, kila Machi watoto wa shule walimpangia foleni getini wampe pole: "Rosi, pole sana, baba kafa tena." Akazoea kuugua mafua wiki hiyo. Sikujua. Nilimpaka dawa kifuani miaka mitano mfululizo bila kujua.

Jumamosi alinirudisha nyumbani kwa gari lake, na njiani akasema kamati imefanya vyema. Nikamuuliza vyema vipi, baba yake ametupwa kama maganda. Akasema, "Mama, baba alichezewa."

Nikamwambia, "Mwanangu, baba yako alicheza."

Tukafika mlangoni. Hapo akazima injini, akaniambia bila kunitazama, "Walimuua mara nne, na hakuna aliyemuuliza jina." Nilimweleza tu kitu ambacho Darnley aliniambia siku ile ya mnara. Alirudi na bega limevimba, akakaa jikoni, akasema, "Undine, leo nimeanguka mara kumi na moja, na kila mara wamesema vizuri sana. Kwenye basi sijaambiwa vizuri hata siku moja." Sijui kama hiyo ni aibu yetu au yao. Roslyn naye hakujua. Aliwasha gari akaenda zake, na tangu hapo hajanipigia simu, mtoto ambaye hunipigia kila asubuhi kuniuliza kama nimekunywa vidonge.

5. Mmenivua nguo.

Naomba kamati ifuatane nami taratibu. Katika kifo cha kwanza, mume wangu akianguka alishika pazia la ikulu, likachanika. Kwa kuwa lilichanika, studio hawakulitaka tena. Kwa kuwa hawakulitaka, mshonaji wao, Bi. Roslyn Tibbs, ambaye tulimpa binti yetu jina lake, alilichukua akanishonea gauni la harusi. Sasa ninyi mmekiondoa kifo hicho. Bila kifo, pazia halikushikwa, lisiposhikwa halichaniki, lisipochanika hakuna gauni. Kwa uamuzi wa kamati yako, basi, tarehe 12 Juni 1965 nilisimama mbele ya mchungaji na Wamethodisti sitini bila nguo.

Ndoa ya namna hiyo sijui kama inatambulika. Kama haitambuliki, Roslyn alizaliwa nje ya ndoa, mimi si mjane, na lile benchi la wajane ninalokalia kila Jumapili nimelikalia kwa udanganyifu kwa miaka kumi na moja. Naomba ufafanuzi kwa maandishi ili nimwonyeshe mchungaji.

6. Kuhusu mbwa.

Mwisho wa filamu majina hupita kwa dakika mbili na nusu. Yupo aliyepika chai. Yupo aliyeazima kofia. Yupo mbwa wa balozi, aitwaye Bartholomew, ambaye katika filamu nzima anabweka mara moja, na hafi. Darnley Yearwood hayupo. Kama mnatafuta tusi, ndugu Mwenyekiti, tusi ni hilo, na binti yangu alilisema vizuri kuliko mimi. Lilikuwa pale pale, kwa maandishi meupe, limengoja zaidi ya nusu karne mtu aliondoe. Katika yote yaliyomo, hilo ndilo pekee ambalo mikutano yenu sita haikuligusa. Bartholomew bado yupo. Nilimwona Jumamosi.

Baada ya kueleza hayo, naomba yafuatayo:

(a) Vifo vinne vya mume wangu virudishwe vyote, kwa mpangilio wake, pamoja na ile dakika ya hoteli ambamo yuko hai, amenyooka, sinia mkononi kama mtu wa ikulu. Picha ya heshima kuliko hiyo sijaiona.

(b) Jina lake liandikwe mwishoni, mara tano, kwa kuwa alifanya kazi tano. Kama nafasi haitoshi, mara moja, lakini kwa herufi kubwa kuliko za mbwa.

(c) Ikiwa kamati bado inataka usawa, usawa na uje kwa kuongeza, si kwa kupunguza. Kapteni Carrow naye afe. Simtakii mabaya, afe mara moja tu, dakika ya arobaini, kwa kikaango, kisha aendelee na kazi kama mume wangu alivyoendelea. Na miongoni mwa wale Waingereza thelathini na wanne wafe angalau wanane, ndipo uwakilishi utakuwa wa haki. Orodha ninayo. Ningeanza na Admirali, maana jina la filamu limekwisha kumuaga.

(d) Mtakapohitaji tena mtu wa kuzisemea jamii zote, mimi napatikana siku za Jumanne. Nami kwa upande wangu nitakuuliza wewe, kwa niaba ya Waingereza wote, kwa nini mnaweka zulia chooni. Nimeishi hapa zaidi ya miaka sitini na hakuna aliyenijibu.

Nisipopata jibu kabla ya Pasaka nitaacha kupika chai ya mikutano. Tena nitaandaa msiba. Utakuwa katika ukumbi wa kuingilia wa sinema, siku ya mkutano wenu mkuu, kwa kuwa marehemu wanne hawajapata kuzikwa: Mzanzibari, Mchina, Mlatini na mwanasayansi. Tutawaombolezea mmoja mmoja. Kwaya ya Wamethodisti imekubali kuimba, matunda ya keki nyeusi nimeshayaloweka kwenye ramu, na kwa kuwa sijui dini ya yule Mchina nitamwomba daktari wangu wa meno aje aseme lolote.

Nisalimie mkeo, na mwambie nasubiri mbegu za maboga alizoniahidi. Nisalimieni kamati nzima, na Bw. Norman Cobbold anayeendesha mashine ya sinema, ambaye Jumamosi alikuwa wa kwanza kunitazama usoni na wa mwisho kuondoka. Msalimieni Bi. Imogen; mwambieni namkumbuka vizuri, na ninakumbuka pia nani amefariki na nani bado. Salamu kwa wanachama wote, waliobakizwa katika filamu na waliokatwa.

Ni mimi, mtiifu wako hadi Pasaka,

Undine Yearwood (Bi.)
Mjane wa mara tano

Baada ya kutia sahihi:

Leo ni Alhamisi na barua hii haijaondoka, kwa sababu jana mchana Bw. Cobbold alibisha hodi. Alikuja na filamu nzima, ile nakala mpya iliyosafishwa, kabla Bi. Imogen hajaifikia. Kumbe alikuwa amempigia simu Roslyn pia, bila kuniambia. Roslyn akaja, akasimama mlangoni na koti lake mwilini kama mtu anayesubiri basi.

Tukaitazama kwenye televisheni yangu, na dakika ya kumi na tisa nikamwambia baba yake anasema nini. Hakuwahi kujua, miaka yote hiyo alidhani ni kelele tu walizomlazimisha kupiga. Akaomba irudishwe nyuma. Bw. Cobbold akairudisha mara tatu. Mara ya tatu Roslyn akavua koti, akakaa, akacheka mpaka akalia, au kinyume chake. Lilipofika pango, akamtazama yule mwanasayansi anavyosukuma miwani kwa kidole cha kati, akasukuma yake kwa kidole hichohicho, akasema taratibu, "Kumbe tunafanana." Asubuhi ya leo amenipigia kuniuliza kuhusu vidonge. Ameniambia pia kuwa jina la baba yake mwishoni mwa filamu atalisimamia yeye mwenyewe, na namuonea huruma atakayempinga.

Kwa hayo nisingekuwa na la kuongeza. Lakini filamu ilipokwisha Roslyn aliomba turudi kwenye hoteli, ili amwone baba yake akiwa hai.

Ndugu Mwenyekiti, katika nakala ya zamani nyuma ya ile baa kulikuwa na giza kama masizi. Wamelisafisha. Wamefanya kazi nzuri mno. Darnley anampa Kapteni kinywaji, Kapteni anasema asante, Darnley anarudi nyuma na sinia lake, na huko nyuma, wazi kabisa, yuko mwanamke mwenye gauni la dhahabu ambaye sijapata kuelezwa habari zake. Anamnong'oneza Darnley sikioni. Darnley anacheka. Mkono usio na sinia unakwenda kiunoni kwa yule mwanamke, na hauendi kama mkono unaopotea njia. Mwaka 1964 tulikuwa tumeshachumbiana miezi saba, na siku hiyo ya hoteli mimi niliambiwa kwamba alishinda peke yake akibeba viti.

Bw. Cobbold alikohoa akauliza kama kuna chai. Roslyn alicheka hata akashika kochi. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo ombi (a) naomba lisomeke *vifo vinne tu*. Vifo sina tatizo navyo, na kile cha mnarani mnaweza hata kukirudia. Ila hoteli ikatwe, kuanzia Kapteni anaposema asante hadi mlango unapofungwa. Bi. Imogen aje kwangu na kompyuta yake siku yoyote, chai nitapika. Na penye sababu aandike vilevile kama alivyoandika mwanzo: kulinda heshima ya jamii.